Nahodha Aliyekaa Ujiji

Mwezi wa Mei mwaka 1876, Henry Morton Stanley aliporejea Ujiji, miaka minne na nusu tangu alipokutana na Dk. David Livingstone katika mji huo huo, aliikuta miti mitatu ya jamii ya mchikichi, ambayo zamani zile ilisimama katika uwanja wa soko, imezungukwa na maji, mbali na ufuo kwa kadiri ya futi mia moja. Ziwa lilikuwa limepanda na kulimeza soko. Msafiri yule, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa na habari, aliyaandika hayo, na pamoja nayo akaiandika ngano aliyosimuliwa na Wajiji juu ya asili ya ziwa lao: ya kwamba hapo kale palikuwa na bonde lenye mji mkubwa, na katika ua wa mtu mmoja na mkewe palikuwa na kisima chenye samaki wasiokwisha, walichorithi kwa sharti la kutomwonyesha mgeni, mume akasafiri, mke akamwonyesha hawara wake, hawara akanyosha mkono amguse samaki, na papo hapo nchi ikapasuka, maji yakafunika mji, mashamba na watu.

Wako watakaoicheka ngano hiyo. Mimi siicheki, kwa kuwa wataalamu wa miamba wanakubali kwamba nchi ilipasuka kweli, ijapokuwa ilichukua mamilioni ya miaka na mwanamke yule hakuwa na hatia; na tena kwa kuwa ngano imebeba fahamu ambayo wasafiri wa Ulaya hawakuipata ila kwa taabu ya miaka ishirini, nayo ni kwamba ziwa hili halikupewa mpaka wa kudumu, hupanda na kushuka, na mji wowote uliojengwa ukingoni mwake umejengwa kwa ridhaa ya maji.

Fumbo lililowashughulisha wanajiografia wa wakati ule lilikuwa moja: maji ya Tanganyika huenda wapi? Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakasikia habari za mto Rusizi ulio kaskazini, lakini hawakuufikia. Livingstone na Stanley wakaenda huko kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871, wakauona Rusizi ukiingia ziwani wala hautoki. Verney Lovett Cameron akapita pwani ya magharibi mwaka 1874, akaukuta mwanya wa Lukuga umezibwa na majani yaeleayo, naye akaambiwa na wenyeji kwamba maji yake huungana na mto Lualaba. Stanley akapachunguza mahali pale pale miaka miwili baadaye, akasema kwamba hapana mkondo utokao, ila ziwa likizidi kupanda litajifungulia njia. Kila mmoja alikuja, akatazama kwa siku zake chache, akaondoka na hukumu yake. Na kwa kuwa kila mmoja alitazama katika mwaka wake, hukumu zao ziligombana huko London kwa muda mrefu, ilhali kila mmoja, kwa insafu, alikuwa amesema kweli ya siku aliyoiona.

Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa mpelelezi mwenye jina, wala hakutumwa na chama cha wanajiografia. Edward Coode Hore alizaliwa Uingereza mwaka 1848, akapata elimu yake baharini, akafikia daraja ya unahodha, na katika mwaka 1877 akajiunga na kundi la kwanza la Jumuiya ya Misheni ya London lililokusudia kufungua kituo Ujiji. Kazi yake katika kundi lile ilikuwa ya chombo na safari za majini. Mahubiri yalikuwa ya wenzake. Walianza safari kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka pwani, jambo lililoonekana la busara katika karatasi, hata mbung'o wakawamaliza ng'ombe njiani, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi, ambao ndio waliokuwa wakiibeba tangu zamani na ambao hapana aliyewauliza rai yao. Baada ya mwaka na zaidi wa kukawia, kuugua na kugawanyika, watu watatu tu, Hore, John Boden Thompson na Walter Hutley, waliingia Ujiji tarehe 23 Agosti 1878.

Mwezi haukutimia barabara ila Thompson amekufa. Arthur Dodgshun, aliyekuwa ameachwa nyuma na shehena, alifika mwishoni mwa Machi 1879, akafa baada ya siku chache. Katibu wa jumuiya yenyewe, Dk. Joseph Mullens, aliyetoka London kuja kuitengeneza safari iliyoharibika, alikufa mwezi wa Julai mwaka huo huo karibu na Mpwapwa, kabla ya kuliona ziwa. Mtu aliyebaki Ujiji na dira yake katikati ya misiba hiyo alikuwa na sababu ya kutosha ya kurudi kwao. Hore alibaki, na kwa kuacha likizo zake, alidumu ziwani hata mwaka 1888.

Mji aliokaa haukuwa mji mtupu uliokuwa ukimngoja mgeni auvumbue. Ujiji ulikuwa na soko lake, ushanga wake wa kubadilishia bidhaa, mabaharia wake, na mizizi yake mirefu katika nchi ya Waha. Ulikuwa na nyumba za Waarabu na Waswahili waliokuja kwa biashara ya pembe na, ole wetu, ya watu, biashara iliyojaza njia kuu ya kwenda pwani kwa minyororo. Na mkubwa wa jumuiya hiyo alikuwa Mwinyi Heri, mtu wa Mrima, ambaye hakuna jambo zito lililopita mjini bila ya shauri lake. Hore alipotaka ardhi upande wa bandari ya Kigoma, ambayo kwa jicho la nahodha ndiyo yenye kina na kinga ya upepo, wakubwa wa Ujiji hawakupendezwa, wakaona kwamba Mzungu anayetaka bandari leo atataka ushuru kesho. Ni lazima tukiri kwamba historia haikuwafanya waongo: reli ya Wadachi ilifika Kigoma mwaka 1914, bandari ikahama, na Ujiji ukaachwa na umaarufu wake. Hata hivyo nahodha na wenyeji wake walizoeana kwa kiasi, maana alikuwa na sifa ambayo watu wa vyombo huitambua popote, ya kujua kamba na tanga na kutoogopa kulowa.

Alipata chombo kilichoundwa papo hapo ziwani, akakitengeneza upya kwa mlingoti na matanga, akakipa jina la Calabash, na kwa chombo hicho, katika miaka ya 1879 na 1880, akazifuata pwani za ziwa akipima rasi, ghuba, visiwa na midomo ya mito kwa vyombo vile vile vinavyompatia baharia mahali pake katikati ya bahari. Ramani yake na maelezo yake vilichapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London mwaka 1882. Makasia ya safari zile hayakuvutwa na Hore. Yalivutwa na vijana wa Ujiji na wa pwani ambao majina yao hayamo katika ramani, na aghalabu ya majina ya rasi na mito yaliyomo yalitoka vinywani mwao. Mtu akiisoma ramani ile leo, inafaa akumbuke kwamba nusu yake ni elimu ya nahodha na nusu ni elimu ya wapiga makasia.

Lakini ramani siyo iliyonifanya nimtengee sura nzima. Ramani nzuri zaidi zilichorwa baadaye na watu waliokuwa na vyombo vizuri zaidi. Jambo ambalo Hore alilifanya, na ambalo waliomtangulia hawakuweza kulifanya kwa kuwa hawakukaa, ni kuweka alama Ujiji ya kuonyesha kimo cha maji, kisha kuitazama. Huitazami alama ya maji mara moja ukapata ilimu yoyote. Ilimu huanza mara ya pili, na hukua kwa kadiri ya uvumilivu wa mtazamaji. Alama ile ilimwonyesha jambo ambalo kila mvuvi wa Ujiji alianza kuliona ufuoni: ziwa lililokuwa likipanda kwa miaka mingi, lililomeza soko la mwaka 1871, limegeuka, nalo linashuka futi baada ya futi. Mwaka 1879 Hore akavuka kwenda Lukuga ajionee, akaukuta mwanya uliokuwa umezibwa na matope na majani umefunguka, na maji yanatoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Joseph Thomson, kijana aliyeshika uongozi wa msafara wa wanajiografia baada ya mkubwa wake Keith Johnston kufa njiani, alifika Lukuga mwezi wa Desemba mwaka huo, akathibitisha habari ambayo nahodha wa misheni alikuwa ameshaijua. Cameron hakusema uongo, na Stanley hakusema uongo. Ziwa lilikuwa limebadilika kati yao.

Kuanzia upeo wa mwaka 1878 hata mwishoni mwa karne ile ziwa lilishuka kwa kiasi cha mita 10. Mita kumi katika ufuo wa mteremko mdogo kama wa Ujiji ni shamba jipya, ni mtaa mpya, ni ugomvi mpya wa mipaka. Hiyo ndiyo sababu mgeni anayepelekwa leo kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley hustaajabu kuona kwamba mahali walipopeana mikono watu wawili waliokuwa karibu na maji pako mbali na maji kiasi cha kuhitaji matembezi.

Hapa ndipo jiografia ya Hore inapoingia katika ilimu ya tabia ya nchi, ingawa yeye mwenyewe hakujiita mwanachuoni wa fani hiyo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, nalo halishindwi kwa kina ila na ziwa Baikal la Urusi. Malagarasi na Rusizi huliletea maji, na mvua huliangukia moja kwa moja. Lakini katika maji yanayolitoka, Lukuga huchukua sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa mno, kama tisa katika kumi, huchukuliwa na jua na upepo kwa njia ya mvuke. Kwa hiyo kimo cha maji pale Ujiji ni hesabu ya mvua na jua iliyoandikwa na maumbile yenyewe katika nchi pana kutoka Rwanda hata Zambia. Mvua zikizidi jua kwa miaka miwili, ufuo husogea juu. Jua likizidi mvua, ufuo hurudi chini. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, zilizofurika Afrika Mashariki yote, zililipandisha ziwa hata mwaka 1964 likafikia kimo ambacho halikukifikia mwaka mwingine wowote katika karne ya ishirini. Vivyo hivyo baada ya mvua za mwishoni mwa 2019 na 2020, na tena baada ya zile za 2023 na 2024, maji yalipanda, yakaingia katika nyumba za ufuoni huko Bujumbura na Uvira, na upande wetu wa Kigoma wakazi wa ukingoni walijikuta wakidaiwa na ziwa ardhi ambayo walidhani limekwisha kuwapa. Watu wengi walisema kwamba jambo hilo halijapata kuonekana. Lilipata kuonekana, na lilipata kupimwa.

Habari za nahodha mwenyewe zilizobaki nitazisema kwa ufupi. Mwaka 1883 aliiteremsha majini Ujiji mashua ya chuma, Morning Star, iliyoletwa kwa vipande kutoka pwani. Mwaka 1885 meli ya mvuke Good News iliteremshwa upande wa kusini wa ziwa, baada ya vipande vyake kupitishwa njia ya Zambezi na Nyasa. Mkewe, Annie, alikuja mwanzoni mwa mwaka huo wa 1885 pamoja na mtoto wao mdogo, akiwa amebebwa na wapagazi sehemu kubwa ya njia katika kiti cha wagonjwa, naye akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Waliishi katika kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi. Misheni ile ilipata waumini wachache na makaburi mengi, nguvu zake zikahamia kusini, Hore akaacha kazi, akachapisha mwaka 1892 kitabu chake juu ya miaka kumi na mmoja ya Afrika ya kati, na maisha yake yakaishia mbali, upande wa Australia, mwaka 1912.

Basi tuyaache ya kimo, tuje katika joto, maana ndilo alama ya maji ya zama zetu. Katika mwaka 1912 na 1913, walipokuwa Wadachi wakitawala upande huu, na tena mwaka 1946 na 1947, ulipokuja msafara wa wataalamu wa Kibelgiji, watu walishusha vipimajoto katika vilindi vya ziwa, wakaandika walichokiona. Hawakujua kwamba wanawaandalia hoja watu wasiozaliwa. Miaka mingi baadaye Piet Verburg na wenzake walizichukua namba zile kuukuu, wakaziweka kando ya namba mpya, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu zaidi na maji ya chini kidogo. Mwaka huo huo Catherine O'Reilly na wenzake, waliofanya sehemu ya kazi yao hapa Kigoma, walisema kwamba chakula cha asili cha ziwa, yaani ile mimea midogo isiyoonekana kwa jicho ambayo ndiyo mwanzo wa kila samaki, kimepungua kwa kadiri ya sehemu 20 katika mia.

Mtu anaweza kuuliza: maji yakipata joto la nusu ya digrii, dagaa hudhurika nini? Dagaa hadhuriki kwa joto lenyewe. Hudhurika kwa njaa. Maji ya juu, yenye joto, ni mepesi, nayo huelea juu ya maji ya chini yaliyo mazito kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Na kila kitu kifacho ziwani huzama, kikaozea kilindini, na rutuba yake ikabaki huko chini gizani, mahali ambapo hapana hewa ya kuvuta wala mwanga wa kuoteshea. Katika upande wa kaskazini wa ziwa hewa hiyo hukoma kiasi cha mita 100 tu kwenda chini. Chini ya hapo pana zaidi ya kilomita moja ya maji yasiyo na samaki hata mmoja. Rutuba hupanda kwa rehema ya upepo. Kuanzia Mei hata Septemba, upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa pwani ya bahari wanaujua kwa jina la kusi, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ziwa zima likawa kama limeinamishwa, maji ya baridi yakapanda upande wa Zambia na kuleta shibe. Na upepo unapotulia, ziwa huyumba kwenda na kurudi, na kila linapoyumba rutuba kidogo huchotwa. Sasa, kadiri tofauti ya joto kati ya juu na chini inavyozidi, ndivyo upepo unavyohitaji nguvu zaidi kuyachanganya maji hayo. Na katika nchi za joto kama hizi zetu, badiliko dogo la joto hubadilisha uzito wa maji zaidi kuliko katika nchi za baridi. Nusu ya digrii, katika Kigoma, ni jambo kubwa.

Ushahidi wa zamani zaidi ulitolewa katika matope. Mbali kidogo na pwani ya Kalya, kusini mwa mkoa wa Kigoma, chini ya maji mengi, matope ya ziwa hutua tabaka juu ya tabaka pasipo mnyama wa kuyachakura, kwa sababu hapana hewa ya kumwezesha mnyama kuishi. Na ndani ya matope hayo hubaki mabaki ya vijidudu ambavyo huunda ngozi zao kwa namna moja maji yakiwa na joto na kwa namna nyingine yakiwa ya baridi. Jessica Tierney na wenzake waliyasoma matope ya Kalya, na mwaka 2010 wakatoa hukumu kwamba joto la maji ya juu ya Tanganyika mwishoni mwa karne ya ishirini limeshinda joto la wakati wowote katika miaka 1,500 iliyopita. Ujiji haukuwa na jina katika kitabu chochote wakati tabaka la kwanza la hesabu hiyo lilipotua.

Hukumu hizi hazikupokewa na wote kwa ukimya, na haifai zipokelewe hivyo. Jouko Sarvala wa Finland na wenzake, waliofanya kazi ya miaka katika mradi wa utafiti wa ziwa uliokuwa na vituo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, walijibu kwamba kupungua kwa samaki kunaweza kuelezwa kwa uvuvi uliozidi pasipo kulisingizia joto. Na mtu aliyekwisha kusimama Kibirizi au Katonga usiku usio na mbalamwezi, akaziona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani hata mtu akadhani kuna mji wa pili upande wa maji, hawezi kuwapuuza. Zamani taa hizo zilikuwa moto wa kuni, kisha zikaja karabai, na sasa ni taa za betri na jua. Nyavu zimeongezeka, watu wameongezeka, na dagaa wa Kigoma wanaoanikwa mchangani husafiri kwa treni na malori hata Dar es Salaam. Lakini Andrew Cohen wa Arizona, aliyeongoza kwa miaka mingi masomo ya wanafunzi wa Afrika na Marekani hapa Kigoma, alitoa pamoja na wenzake mwaka 2016 hoja iliyo ngumu kuipindua: katika matope, mabaki ya samaki yanaanza kupungua tangu karne ya kumi na tisa, kabla ya uvuvi wa biashara kuanza, na eneo la sakafu ya ziwa lenye hewa limepungua kwa sehemu 38 katika mia tangu msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946. Rai yangu ni kwamba joto lilitangulia kupunguza hazina, na nyavu zikaja kuchota katika hazina iliyokwisha kupungua. Na anayewatupia wavuvi lawama zote amesoma nusu ya hesabu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kazi hii haiko tena mikononi mwa wageni peke yao. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake Kigoma. Na katika mwaka 2007 Ismael Kimirei na Yunus Mgaya walichapisha utafiti wao juu ya namna upepo, joto na hali nyingine za majini zinavyohusiana na kupanda na kushuka kwa dagaa wanaovuliwa karibu na Kigoma kwa misimu ya mwaka, kazi ya kukaa na kuandika mwezi baada ya mwezi, ambayo nahodha wa Calabash angeitambua. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanajiografia Pius Yanda, aliyepata shahada yake ya uzamivu Stockholm kwa kuchunguza ardhi iliyoliwa na mmomonyoko huko Kondoa, alipata kuwa miongoni mwa makamu wenyeviti wa kundi la jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabia ya nchi linaloshughulika na athari na namna ya kukabiliana nazo. Kondoa iko mbali na Tanganyika, lakini mtu aliyejifunza kuhesabu udongo unaoondoka kilimani ana jicho linalofaa Kigoma, ambako milima iliyokatwa miti hupeleka matope yake ziwani na kuyafunika mawe wanamozalia samaki wa ufuoni.

Tarehe 15 Mei 2024, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hata tarehe 15 Agosti. Wavuvi walinung'unika, kwa haki, kwani mtu haweki akiba ya samaki wabichi. Na wataalamu walieleza, kwa haki pia, kwamba samaki anayeachwa azae hurudi na wenzake. Lakini dagaa huishi kwa kadiri ya mwaka mmoja na kitu, na wingi wake hupanda na kushuka pamoja na pepo za kila msimu, hata bila ya amri ya serikali. Mwaka wa kusi kali unaweza kuwapa wavuvi neema ambayo watu wataihesabia amri, na mwaka wa kusi hafifu unaweza kuifanya amri ionekane bure. Itabidi misimu mingi iandikwe Kigoma, ya upepo mkali na ya upepo mdogo, ya ziwa kufungwa na ya ziwa kuachwa wazi, kimo cha maji na joto lake na mizani ya samaki vikiwa katika daftari moja, ndipo fungu la nyavu lipate kutengwa na fungu la jua.